Somo la Jamii na Itikadi ya Mwanachuo

Aghalabu husemwa kwamba mwanachuo akisomeshwa sayansi ya jamii, itikadi yake hugeuka. Usemi huo una ukweli, lakini yafaa mwalimu ajue ni kitu gani hasa kinachomgeuza.

Uchunguzi mashuhuri juu ya jambo hili ulifanywa Marekani katika miaka ya 1930 na Theodore Newcomb, aliyefundisha saikolojia katika Chuo cha Bennington, Vermont. Chuo hicho kilifunguliwa 1932, nacho kilikuwa cha wasichana watupu, wengi wao mabinti wa matajiri wahafidhina. Walimu wao, kinyume cha wazazi, walipendelea mageuzi ya Rais Roosevelt. Katika uchaguzi wa 1936, wasichana wa mwaka wa kwanza waliomtaka Landon, mpinzani wa Roosevelt, walikuwa 62 katika kila 100. Wa mwaka wa pili 43. Wa mwaka wa tatu na wa nne karibu 15 tu.

Je, ni masomo yaliyowageuza? Newcomb alikuta wasichana waliosoma chuo kile kile, chini ya walimu wale wale, na wasibadilike. Wengi wao walikuwa wameshikamana na wazazi, au na kikundi kidogo cha marafiki. Waliogeuka zaidi ni wale waliotamani kuheshimiwa na jumuiya ya chuo, na hapo chuoni heshima waliipata wenye fikra za mageuzi.

Nasi jambo hili latuhusu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Elimu ya Siasa ilitiliwa mkazo katika shule na vyuo vya Tanzania. Vyama vingi viliporudi 1992, nafasi yake ikaja kushikwa na somo la Uraia. Mtihani uliweza kupima kama mwanafunzi anaikumbuka misingi ya ujamaa. Kama anaiamini, karatasi haikuweza kusema. Na mwanafunzi mwerevu hung'amua upesi mkufunzi wake anapenda kusikia nini.

Kwa hiyo, mwalimu mwanafunzi, unaposahihisha insha ya mtoto, toa alama kwa hoja aliyoijenga, hata ikiwa hukubaliani nayo. Tena, kabla ya kuandika andalio la somo juu ya usawa wa binadamu, itazame kwanza orodha ya zamu za darasa lako: ni nani wanaofagia, na ni nani wanaochaguliwa viranja?