Duka la Nguo na Daftari la "Hakuna"

Somo letu la leo ni juu ya maduka ya nguo. Ukipita Igoma, kando ya barabara iendayo Magu na Musoma, utaona maduka ya nguo. Rudi baada ya mwaka mmoja. Utakuta mengine yamefungwa, na mengine yanauza mchele. Kwa nini?

Wenye maduka husema, "Wateja hawana fedha." Ni kweli, lakini siyo kweli yote. Watu hao hao tunawaona mnadani, na pale soko la Mlango Mmoja mjini Mwanza, wakichagua mitumba. Basi fedha kidogo wanayo, ila hawaipeleki dukani.

Jambo hili si dogo. Wengi wetu hufungua duka kwa fedha ya pamba au kwa mkopo wa kikundi. Duka likifa, deni halifi. Kinachofuata ni kuuza ng'ombe.

ZAMANI NA SASA

Wazee wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Nguo zilikuwa adimu. Mwanza tulikuwa na pamba na kiwanda cha nguo cha Mwatex, lakini kupata kitenge kulikuwa kazi kubwa. Watu walipanga foleni. Siku zile mteja alimbembeleza muuzaji.

Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya biashara. Watu wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje. Nguo zikaja, na mitumba ikajaa. Tangu hapo mteja ana pa kwenda. Lakini wauzaji wengine bado wanakaa dukani kama enzi ya foleni, wakingoja kubembelezwa.

Wapo wanaosema mitumba ipigwe marufuku. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa pole pole. Marekani, ambako mitumba mingi hutoka, haikupendezwa. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha msamaha wa ushuru kwa nguo za Rwanda. Kwetu mitumba inaendelea kuuzwa. Kwa hiyo mwenye duka asingoje mitumba iondoke. Ajiulize: mteja anapata nini kule ambacho hapa hakipati?

FEDHA ILIYOLALA

Hebu tupige hesabu. Tuseme mama mmoja ana mtaji wa shilingi 600,000. Ananunua magauni 60 ya watoto, kila moja shilingi 10,000. Anauza kila gauni shilingi 13,000. Baada ya miezi 3 ameuza magauni 35. Faida ni shilingi 3,000 mara 35, yaani shilingi 105,000. Anafurahi.

Lakini kodi ya chumba ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa miezi 3 ni shilingi 90,000. Faida inabaki shilingi 15,000. Tena, magauni 5 kati ya yale 35 aliyakopesha, na fedha haijarudi. Hiyo ni shilingi 65,000.

Sasa tuhesabu alichonacho:
Fedha ya magauni 30: shilingi 390,000.
Toa kodi: inabaki shilingi 300,000.
Magauni 25 yaliyobaki: shilingi 250,000.
Jumla: shilingi 550,000.

Alianza na 600,000. Duka limekwisha kula mtaji shilingi 50,000, na mama huyu bado hajachukua hata fedha ya chumvi! Na ile shilingi 250,000 imelala kwenye rafu. Haiwezi kununua kitu kingine.

Kwa nini magauni 25 yamebaki? Yalikuwa mazuri machoni pa mama. Lakini ni madogo, nayo ni ya sherehe. Ilikuwa Januari, na wazazi walitafuta sare za shule. Shule za msingi za Serikali hazitozi ada, lakini sare bado ni mzigo wa mzazi.

DAFTARI LA "HAKUNA"

Sasa hapa ndipo kusoma na kuandika kunapotusaidia. Nunua daftari dogo. Kila mteja anapouliza kitu nawe ukajibu "hakuna", andika. Kwa mfano:

8 Januari – sketi ya bluu, mtoto wa darasa la 3 – hakuna.
9 Januari – shati jeupe la shule, kubwa – hakuna.
9 Januari – sketi ya bluu, mtoto wa darasa la 4 – hakuna.
10 Januari – khanga, doti moja – bei kubwa, hakununua.

Baada ya mwezi mmoja, soma daftari lako. Neno lililoandikwa mara nyingi ndilo la kununua ukienda mjini. Usinunue kwa macho yako. Nunua kwa macho ya mteja. Mwaka ujao, soma kurasa za Januari mapema, mwezi Novemba. Soma pia kurasa za wakati wa kuuza pamba, maana ndipo vijijini fedha inapoonekana.

MENGINE YA KUFANYA

1. Salimu kwanza. Mzee apewe shikamoo. Kama ni Msukuma na ni asubuhi, mwambie mwangaluka. Salamu haina bei.

2. Andika bei kwenye nguo. Mteja asiyejua bei huogopa kuuliza, hupita zake. Kama kuna nafasi ya kupatana, mwambie wazi.

3. Acha mteja ashike na ajaribu. Muuza mitumba humwacha mtu achambue rundo zima. Wewe unaweka nguo juu, nyuma ya meza! Weka kioo na pazia.

4. Pima kwa haki. Mita moja ni sentimeta 100. Usivute kitambaa unapopima. Nawe mteja, jifunze kusoma futi kamba ya fundi, uhakikishe mwenyewe.

5. Patana na fundi cherehani. Gauni refu likikatwa hapo hapo, mteja harudi nyumbani mikono mitupu.

6. Punguza kukopesha. Afadhali mteja adundulize. Alete kidogo kidogo, uandike kila anacholeta, naye aweke sahihi. Akimaliza, achukue nguo yake.

7. Nguo ikilala miezi 3, ipunguze bei. Yule mama akiuza magauni 25 kwa shilingi 8,000, atapata shilingi 200,000. Atapoteza shilingi 50,000, ni kweli. Lakini 200,000 itanunua sketi za shule ambazo watu wanazitaka. Fedha inayotembea huzaa.

8. Fedha ya duka isiwe fedha ya mboga. Jipangie posho kutoka kwenye faida, uiandike.

Ndugu msomaji, mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulianza hapa Mwanza, kwa msaada wa UNESCO. Manufaa maana yake ni kusoma kuingie kazini: shambani, ziwani na dukani. Daftari la "hakuna" ni kisomo chenye manufaa.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Mwenye duka amenunua mashati 20 kwa shilingi 7,000 kila moja. Ameuza 12 kwa shilingi 9,000. Fedha iliyolala kwenye rafu ni kiasi gani?
2. Kijijini kwenu watu hutafuta nguo gani mwezi Januari? Na baada ya kuuza pamba?
3. Ni nani hapa darasani amewahi kuondoka dukani bila kununua? Aeleze sababu, na wenzake waandike.