Mshubiri na Mbwa wa Uani: Mafunzo Niliyopata Mtendeni

Hapa Mtendeni, mjini Tabora, mshubiri uko karibu kila nyumba: kwenye ndoo zilizotoboka, kwenye makopo ya rangi, pembeni ya ngazi. Mbwa ni wachache, na anayefuga humweka uani, kule kule kwenye makopo. Mtoto wa mbwa wetu alipoanza kuota meno, alianza na jani la mshubiri.

1. Dawa ikizoeleka, hakuna anayeishuku. Mbwa alitapika, kisha akaharisha maji. Jirani yangu, mama mtu mzima, alilitazama jani lililotafunwa akasema, "Mwanangu, shubiri haiui. Huyo kalishwa sumu na watu." Nilimwelewa. Majani hayo hayo huwawekea kuku wake kwenye maji ya kunywa msimu wa kideri, na wanawe aliwaachisha ziwa kwa uchungu wa shubiri. Ila tayari mtaa ulikuwa umeanza kumtafuta mtu mbaya.

2. Shida iko kwenye utomvu wa manjano chini ya ganda la jani. Ute mweupe wa katikati hauna makali hayo. Utomvu huo una aloini. Bakteria wa utumbo mpana huigeuza kuwa kitu kinachouchokoza utumbo na kuvuta maji, ndiyo maana kuharisha huja saa kadhaa baadaye, jani limeshasahaulika. Hata kwa binadamu si jambo la mchezo: mwaka 2002 Marekani ilipiga marufuku kuuza bila cheti cha daktari dawa za kufungua choo zenye shubiri. Mbwa mkubwa aliyeuma mara moja huishia kuumwa tumbo. Mtoto wa mbwa hukaukiwa maji upesi, na hapo ndipo penye hatari.

3. Uchungu haumzuii mtoto wa mbwa. Anayeota meno hutafuna hata kandambili.

4. Mimea ya kuogopwa zaidi ni mingine. Mtende hauna sumu kwa mbwa, ingawa kokwa zake zinaweza kumkwama. Lakini bustanini hupandwa mtapo, wenye majani ya kuchanua kama mtende mdogo, na watu huupita bila kuutilia shaka. Huo una sumu kuanzia mizizi hadi mbegu, mbegu zikiwa kali kuliko vyote, na huharibu ini. Watu wa Pwani waliokula unga wake wakati wa njaa waliloweka mbegu kwanza kwa siku nyingi; mbwa haloweki. Minyaa ya uzio nayo ina utomvu mweupe unaounguza mdomo na macho. Mwenye mbwa na mtapo uani, ningemshauri aung'oe mtapo. Mshubiri inatosha kuupandisha juu ya ukuta.

5. Usimtapishe kwa chumvi wala kumnywesha mafuta ya kula kwa nguvu. Mafuta yakipotea njia huingia kwenye mapafu, na unakuwa umemwongezea ugonjwa. Mfute mdomo, mwekee maji safi, umpeleke kwa daktari wa mifugo ukiwa na kipande cha mmea alioutafuna.

Mbwa wako akitapika damu, akitetemeka au akilegea, usingoje kujua nani kamlisha nini. Mpeleke kwanza, ya majirani yatazungumzwa baadaye.