SOMO: Kompyuta ya Mtumba na Prosesa Zake

Katibu wa chama cha msingi anayetoka Kibaha au Kisarawe kwenda Kariakoo kuitafutia ofisi ya chama kompyuta ya mtumba, huweza kuonyeshwa juu ya meza moja masanduku mawili yanayofanana kama mapacha. Muuzaji humwambia kwamba moja lina prosesa ya Core 2 Duo na jingine lina Core i3, kwamba zote mbili ni za kampuni ya Intel, na kwamba la pili bei yake imezidi kidogo. Hapo Katibu hupaswa kuamua, na fedha anazoziamulia si zake. Ni fedha za wanachama, zilizopitishwa katika makisio ya mapato na matumizi, na mkaguzi atakapofika atataka kujua sababu ya kila shilingi. Somo hili limekusudiwa kumpatia Katibu na Kamati yake njia ya kulipata jibu.

Tahadhari katika jambo hili si ngeni nchini. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mitambo hiyo kuleta matatizo katika hesabu badala ya kuyaondoa. Marufuku hayo yamekwisha zamani. Lakini swali la wakati ule, yaani chombo hiki kitafanya kazi gani na kwa gharama gani, lingali linafaa kuulizwa kabla ya mfuko wa chama kufunguliwa.

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu na kutekeleza amri. Tuchukue mbili zilizo mashuhuri katika masanduku ya mtumba: Core 2 Duo E8400, iliyotolewa mwaka 2008, na Core i3-2100, iliyotolewa mwaka 2011. Ya kwanza ina mwendo wa gigahezi 3.0, ya pili 3.1. Zote zina viini viwili, na zote zimeandikiwa wati 65. Mtu akisoma tarakimu hizo peke yake ataona hakuna sababu ya kuongeza hata shilingi moja. Zaidi ya hayo, akiba ya ndani ya ile ya zamani ni megabaiti 6, hali ile mpya ina 3 tu. Kwa karatasi, basi, yenye miaka mingi ndiyo inayoshinda.

Kwa kazi haishindi, na sababu yafaa ieleweke. Tuwafikirie makarani wawili katika ghala la chama wakati wa msimu wa korosho. Karani wa kwanza ana meza kubwa yenye droo pana, lakini daftari asilolikuta katika droo humpasa kumtuma tarishi avuke ua mpaka stoo, amkabidhi mtunza stoo hati, kisha angoje. Karani wa pili ana droo ndogo, lakini mlango wa stoo uko nyuma ya kiti chake na ufunguo anao mwenyewe. Ndivyo zilivyo prosesa hizi. E8400 huifikia kumbukumbu ya RAM kwa kupitia kifaa kingine kilicho katika madabodi; i3-2100 inacho ndani yake chombo cha kuitawala RAM, na safari imefupishwa.

Kadhalika, karani wa pili amejifunza jambo jingine. Mkulima mmoja anapopapasa mfukoni kutafuta kadi yake ya uanachama, yeye humwandikia mkulima wa mstari wa pili, kisha humrudia wa kwanza. Kwa hiyo kila kiini cha i3-2100 hupokea mistari miwili ya kazi, na kompyuta huiona prosesa hiyo kama yenye sehemu nne za kufanyia kazi. Haina maana kwamba nguvu imekuwa mara mbili. Karani ni yule yule mmoja. Katika programu zinazoweza kuitumia mistari yote minne, i3-2100 hufikia karibu mara moja na nusu ya kazi ya E8400. Katika programu inayotumia mstari mmoja tu, tofauti hupungua sana.

Sasa tuje kwenye fedha. Bei zitakazotajwa ni za mfano, na kila Kamati iweke bei za siku yake. Tuseme chama cha wakulima huko Maneromango kimeonyeshwa sanduku la E8400 kwa Sh 150,000, likiwa na RAM ya gigabaiti 2, na sanduku la i3-2100 kwa Sh 220,000 likiwa na gigabaiti 4. Tofauti ni Sh 70,000, na mjumbe mmoja wa Kamati atasema kwamba hizo zatosha kununulia karatasi na wino wa mwaka mzima. Lakini gigabaiti 2 hazitoshi kazi za leo. Tuongeze Sh 30,000 za RAM kwa lile la kwanza. Masanduku yote mawili yataka diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka. Tuseme Sh 60,000 kila moja. Jumla sasa ni Sh 240,000 na Sh 280,000. Tofauti imeshuka mpaka Sh 40,000.

Bado umeme. Ule wati 65 ulioandikwa si kiasi kinacholiwa kila saa. Ni kipimo cha joto ambalo feni ya prosesa hupaswa kuweza kuliondoa kazi inapokuwa nzito. Kompyuta ya ofisi hukaa muda mwingi ikingoja mtu aandike, na katika kungoja huko sanduku la zamani hula zaidi. Tukikadiria tofauti ya wati 20, kwa saa 8 na siku 25 za kazi, tunapata uniti 4 kwa mwezi, au 48 kwa mwaka. Kwa Sh 350 kila uniti, hiyo ni Sh 16,800 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni Sh 50,400. Ile Sh 40,000 imekwisha kurudi, na ziada juu.

Kwa chama kinachonunua, basi, i3-2100 ndiyo bora kati ya hizi mbili. Kwa chama ambacho tayari kinayo E8400 inayofanya kazi, hukumu ni nyingine kabisa. Chama cha akiba na mikopo huko Kibaha chenye mashine ya namna hiyo kisikimbilie kuitupa. Kiitie SSD na RAM ya kutosha, na wafanyakazi watadhani imenunuliwa mpya. Polepole nyingi inayolaumiwa kwa prosesa ni ya diski. Ila fundi aulizwe kwanza kama madabodi hutumia RAM ya DDR2 au DDR3, kwa kuwa mashine za E8400 zipo za aina zote mbili, na DDR2 imekuwa adimu.

Liko jambo moja zito kuliko hayo yote. Chama hutumia kompyuta kuingia katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU, wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na mtandao huo hufunguliwa kwa programu ambazo hazikubali mfumo endeshi uliopitwa na wakati. Windows 7 iliachwa na watengenezaji wake Januari 2020, na Chrome ikaacha kuihudumia mwaka 2023. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa masharti yake rasmi hutaka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na wala E8400 wala i3-2100 haimo. Anayenunua mojawapo leo ajue kwamba njia iliyo salama ni kuitilia Linux, ambayo haiuzwi na inaziendesha zote mbili, na awe na mtu wa kuwafundisha watumishi.

Kwa sababu hiyo neno "i3" peke yake halimwambii Katibu kitu. Atazame tarakimu zinazofuata. Katika 2100, ile 2 ya mwanzo ni kizazi cha pili. I3-8100 ya mwaka 2017 ni ya kizazi cha nane na ina viini vinne kamili. Tena asisome kibandiko kilicho juu ya sanduku, kwani vibandiko hubandikwa. Mashine iwashwe, na jina kamili la prosesa lisomwe ndani yake.

Mwisho wa shughuli ya dukani ni kipimo. Katibu achukue katika flashi nakala ya orodha ya malipo ya msimu uliopita, yenye kilo, daraja, makato na salio, lakini majina na namba za simu za wanachama ziwe zimefutwa, maana hayo si mali ya muuzaji. Aifungue katika mashine zote mbili, apange upya safu zote, ahesabu jumla, huku saa iko mkononi. Dakika alizozipata aziandike pamoja na bei na jina la prosesa katika taarifa kwa Kamati, na taarifa ikae katika jalada la manunuzi pamoja na stakabadhi.

Maswali ya kujadiliwa na Kamati

1. Chama chenu kina kazi gani ambayo msimu uliopita ilichelewesha malipo ya wanachama? Je, ilichelewa kwa sababu ya kompyuta, mtandao, umeme, au kwa sababu takwimu za mzani zilifika ofisini siku ya tatu?

2. Rudieni hesabu ya mfano kwa bei mlizozipata wenyewe. Ikiwa ofisi yenu hufunguliwa siku 10 tu kwa mwezi, je, i3-2100 bado inarudisha tofauti ya bei katika miaka mitatu?

3. Mashine yenye prosesa ya kizazi cha nane ikipatikana kwa Sh 450,000, ni miaka mingapi ya matumizi itakayoifanya iwe nafuu kuliko hizi mbili?