"Mlinipa Fulana, Hamkunipa Mtoto"

Jumamosi ya kwanza walikuja 31. Darasa letu la kusomesha watoto huko Likoni lilikuwa na meza nne tu, na vijana wote hao, kila mmoja ndani ya fulana mpya ya shirika, walijibanza ukutani wakingoja kuambiwa la kufanya. Watatu walipata watoto wa kukaa nao. Waliobaki walipiga picha, wakanywa soda, wakapanda feri kurudi mjini. Jumamosi ya tano nilihesabu sita.

Kikao kizima kilipita tukiwalaumu vijana wa siku hizi. Kisha nikashika simu, nikawapigia walioacha kuja, mmoja baada ya mwingine. Mwanafunzi mmoja wa chuo hakunificha: "Dada, mlinipa fulana, lakini hamkunipa mtoto."

Wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya wamepangwa kinyume na tulivyofanya sisi. Kila mmoja hukabidhiwa takriban kaya 100, akajua mlango upi una mjamzito na upi una mzee mwenye kisukari. Kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa watu wa kujitolea tu, daftari kwapani. Septemba 2023 Rais William Ruto aliwazindua zaidi ya 100,000 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, pamoja na mikoba yenye kipimajoto, mizani, na mashine za kupima presha na sukari. Malipo yaliyopangwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Si fedha nyingi, na pale zinapochelewa wahudumu hupiga kelele, nami nawaunga mkono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unapendekeza wahudumu wa aina hii walipwe kulingana na uzito wa kazi, tena wawe na makubaliano ya maandishi yanayotaja wajibu na haki zao.

Shirika la meza nne halina ubavu huo. Lakini eneo la mtu, vifaa vyake na karatasi ya makubaliano havihitaji hazina ya serikali.

Tuliacha kuita watu mpaka tuwe na orodha ya watoto mkononi. Kila aliyekuja alipewa watoto wawili kwa majina, daftari moja, na muda wa miezi mitatu wenye tarehe ya mwisho. Wale waliokuwa wakikwepa kuahidi "kila Jumamosi" walikubali haraka walipoona ni Jumamosi 12. Kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kumshikia zamu akiugua au akiwa na mtihani.

Ripoti ya kurasa tatu tuliifuta. Hata mimi sikuwa nikiisoma. Badala yake, kila mmoja aliandika mstari mmoja daftarini kabla ya kuondoka. Yule mwanafunzi, aliyekubali kurudi, aliandika: "Anasoma ng'ombe kama ngombe. Jumamosi ijayo nije na picha." Mwenzake wa zamu akisoma hivyo, anajua pa kuanzia.

Rejista aliichukua mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani. Alikaa mlangoni tangu saa tatu kasorobo, na ambaye hajafika saa tatu na robo alipigiwa simu na Mwalimu mwenyewe, kuulizwa kama ni mzima. Sijaona tangazo lenye nguvu kama simu ile.

Halafu nauli. Feri ya Likoni ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini matatu si bure, na mwanafunzi anayepanda mbili kila upande anaisikia mfukoni. Mwanzoni tulidai risiti mwisho wa mwezi. Matatu gani hutoa risiti? Siku hizi tunatuma kwa M-Pesa kabla mtu hajatoka getini, na orodha ya miamala ndiyo tunayomwonyesha mfadhili. Mfadhili mmoja aliwahi kuukata mstari wa nauli kwenye bajeti yetu akaacha ule wa fulana; tulimwomba afanye kinyume, akakubali.

Fulana za zamani bado zimejaa kabatini. Mwalimu anafutia ubao kwa moja.