Resho, gesi na mbabula: hewa ya jikoni mwetu

Katika mtaa wetu wa Bel-Air, Lubumbashi, nyumba nyingi zina majiko mawili: resho ya umeme ndani, mbabula ya makala uani. SNEL, kampuni ya umeme, ikikata umeme, makala yanawashwa. Kijitabu hiki hakimlaumu mama kwa mbabula yake; si yeye anayekata umeme.

Wachache wameongeza gesi, na baadhi yao umeme ukiwepo wanaiacha. Wana haki. Mwali wa gesi hauna masizi, ndiyo maana tunauamini, lakini hutoa naitrojeni dioksidi inayochokoza mapafu, hasa ya mtoto mwenye pumu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Resho haichomi kitu. Utavuta mvuke wa chakula tu, na moshi wa mafuta yakiungua. Hata hivyo, kwa asiye na umeme, gesi ni afadhali mara nyingi kuliko makala.

Makala yakiwa mekundu na moshi umekwisha, watu husema sasa yanafaa kuingizwa ndani. Hapo ndipo yanapoua. Hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Juni na Julai, usiku ukiwa wa baridi, usilale na mbabula chumbani, hata kama dirisha liko wazi kidogo.

Resho nayo ina hatari zake. Ile yenye nyaya wazi ni mbaya zaidi wakati wa kusonga bukari: mwiko unasukuma sufuria, sufuria inagusa waya, na mkono wenye maji unapigwa umeme. Nunua yenye sahani iliyofunikwa. Usichomeke resho na friji kwenye waya mmoja mwembamba. Ukiushika ukawa wa moto, haubebi mzigo huo. Umeme ukikatika, chomoa resho saa ileile, kwa kuwa ukirudi usiku itawaka yenyewe chini ya sufuria iliyokauka.

Mtu akiumwa kichwa, akizunguzungiwa au kutapika karibu na mbabula, mtoe nje kwanza, kisha fungua milango. Asipoamka vizuri, mkimbize hospitali ya Sendwe au kituo cha afya kilicho karibu, na mwambie muuguzi kwamba palikuwa na makala ndani.