Kilo moja, miaka minane



Alhamisi iliyopita, saa ya michezo, kulikuwa mabishano nyuma ya jiko la internati. Mnavijua vile vyuma vya wavulana: bomba moja, na kila upande kopo la mafuta lililojazwa simenti. Binti mmoja wa mwaka wa tatu alisogea, akataka kujaribu. Kijana mmoja akamzuia: “Wee, acha! Huu muchezo ni wa wanaume. Utavunjika mugongo.” Binti akamtazama tu, kisha akamwuliza: “Na makala ya kwenu, nani anayabebaka?” Watu walicheka sana. Kengele ikalia, kila mtu akaenda zake.

Sisi wa kamati ya gazeti tuliona swali lile lisiachwe pale jikoni. Kwa hiyo somo la mito ya Kongo litangoja toleo lijalo, na leo tunasoma juu ya mchezo wa kunyanyua vyuma. Tutaufuata kwa njia ya mwanamke mmoja wa mbali, jina lake Ele Opeloge, mtu wa Samoa.

Fungueni atlasi kwenye Bahari ya Pasifiki. Samoa ni visiwa vidogo, na viwili ndivyo vikubwa, Upolu na Savai'i. Mji mkuu ni Apia. Nchi nzima ni ndogo kuliko teritwari yetu ya Masisi peke yake, na ukiiweka ndani ya Walikale ingeingia karibu mara nane. Watu wake ni kama laki mbili tu. Ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1962, mwaka mmoja na nusu baada ya Kongo. Ilianza kupeleka wachezaji kwenye Michezo ya Olimpiki mwaka 1984, lakini mpaka mwaka 2008 hakuna Msamoa hata mmoja aliyekuwa amerudi na medali ya Olimpiki.

Sasa mchezo wenyewe. Chuma cha wanawake kikiwa kitupu ni kilo 15. Cha wanaume ni kilo 20, na ni kinene kidogo mkononi. Pande zote mbili hutiwa sahani za rangi: nyekundu kilo 25, bluu kilo 20, manjano kilo 15, kijani kilo 10, na nyingine ndogo za kukamilisha hesabu. Kuna namna mbili za kuinua. Ya kwanza, arashe, chuma kinatoka chini na kufika juu ya kichwa kwa mwendo mmoja, bila kupumzika popote. Ya pili, epole-jete, kwanza kinafika mabegani, mchezaji anasimama, kisha anakisukuma juu. Kwa kila namna mchezaji anapewa nafasi tatu. Waamuzi ni watatu, kila mmoja na taa yake, nyeupe kwa kukubali na nyekundu kwa kukataa. Ile bora ya arashe inajumlishwa na ile bora ya epole-jete, na jumla ndiyo inampa mtu nafasi yake.

Jambo moja wengi hawalijui: uzito haurudi chini. Ukiomba kilo 119 na ukashindwa, huwezi kusema “basi nipunguzieni.” Ama unarudia zile zile, ama unaongeza. Ndiyo maana mchezo huu ni wa hesabu pia, na kocha anakaa nyuma na kalamu kama muuzaji wa soko.

Wanaume walikuwa katika mchezo huu tangu Olimpiki ya kwanza, Athens 1896. Wanawake walipata mashindano yao ya dunia mwaka 1987 tu, na mlango wa Olimpiki ulifunguliwa kwao huko Sydney mwaka 2000. Hesabuni wenyewe: miaka 104. Sababu zilizotolewa zilifanana sana na zile za kijana wetu wa nyuma ya jiko.

Tufike Beijing, tarehe 16 Agosti 2008, kundi la wanawake wenye mwili wa zaidi ya kilo 75. Ele Opeloge alikuwa na miaka 23, na kocha wake alikuwa Jerry Wallwork. Ya kwanza haikuwa na mabishano. Jang Mi-ran wa Korea ya Kusini aliinua 140 na 186, jumla 326, na dunia ilikuwa haijapata kuona hivyo kwa mwanamke. Vita ilikuwa nyuma yake. Olha Korobka wa Ukraina alipata jumla ya 277. Mariya Grabovetskaya wa Kazakstani aliinua 120 na 150, jumla 270. Ele aliinua 119 na 150. Jumla 269.

Alikosa medali kwa kilo moja. Kilo moja ni maji ya litri moja. Mnayachota asubuhi na kuyamwaga bila kufikiri. Na tena, kabla ya mwaka 2005 kilo moja namna hiyo haikuweza kuwatenga watu, kwa sababu uzito ulipandishwa kwa kilo mbili na nusu. Kanuni mpya ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, na ilimwangukia yeye.

Basi, alirudi Samoa akiwa mtu wa nne. Hakuacha. Mwaka 2010 huko Delhi alishinda dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, yale mashindano ya nchi ambazo nyingi zilikuwa chini ya Uingereza. Kongo hatumo, lakini majirani wetu Uganda, Tanzania na Rwanda wamo. Mwaka 2012 alikuwa Olimpiki ya London. Mwaka 2014, Glasgow, alichukua fedha, nyuma ya Mwafrika, Maryam Usman wa Nijeria. Mlikumbuke jina hili, tutalirudia.

Sasa tusimame kidogo juu ya mizani. Wazazi wetu wa Masisi wanajua taabu yake. Unapima maharagwe nyumbani, unateremka nayo sokoni, mnunuzi anatundika gunia kwenye mizani yake, na njiani kilo zimeyeyuka. Utamwambia nini? Mizani ni yake. Pale Beijing sahani za chuma zilipimwa sawasawa, hakuna aliyelalamika juu yake. Kitu ambacho hakikupimika siku ile kilikuwa ndani ya damu.

Kuna dawa za kuongeza misuli. Mojawapo inaitwa turinaboli, na ilitengenezwa zamani huko Ujerumani ya Mashariki. Mchezaji akiitumia wakati wa mazoezi anaweza kuiacha kabla ya mashindano, nguvu inabaki naye, na alama ya dawa inapungua. Maabara za mwaka 2008 zilitafuta alama za siku chache. Lakini wakubwa wa Olimpiki walifanya jambo la akili: mkojo wa wachezaji hawakuumwaga. Uliwekwa kwenye baridi, ukatunzwa Lausanne, Uswisi. Baadaye wenye elimu ya kemia waligundua kwamba turinaboli inaacha mabaki mengine, madogo sana, yanayokaa mwilini muda mrefu zaidi. Mwaka 2016 chupa za Beijing zilifunguliwa na kupimwa upya. Dawa ikaonekana kwa Korobka, na kwa Grabovetskaya pia. Wote wawili walifutwa.

Wa nne akawa wa pili. Samoa ikapata medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya fedha, kwa mkono wa Ele Opeloge, miaka minane baada ya kuiinua. Na Maryam Usman, ambaye siku ile alikuwa wa tano na kilo 265, akawa wa tatu.

Mwenzetu mmoja wa kamati aliposikia haya alisema, “Basi haki imefanyika, tumalizie hapo.” Sisi wengine hatukukubali. Medali ilifika, ndiyo. Lakini jukwaa la Beijing lilikuwa limekwisha vunjwa. Bendera ya Samoa haikupandishwa mbele ya watu siku ile, na miaka minane ndiyo miaka ya nguvu ya mchezaji. Kwa muda huo wote nchi ndogo inaambiwa: mlikaribia tu. Tunaona ni vizuri chupa zilitunzwa. Hatuoni kwamba zilirudisha kila kitu.

Wala si Ele peke yake. Mwaka 2012 London, kundi la kilo 75, watatu wa kwanza wote walifutwa baadaye. Lydia Valentín wa Hispania, aliyekuwa wa nne, akapewa dhahabu, Abeer Abdelrahman wa Misri akapanda kutoka nafasi ya tano mpaka ya pili, na Madias Nzesso wa Kameruni kutoka ya sita mpaka ya tatu. Kwa hiyo wanawake wawili wa Afrika waliondoka London mikono mitupu, na medali ziliwafuata nyumbani kwa kuchelewa.

Mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata medali ya Olimpiki katika mchezo huu ni Ruth Ogbeifo wa Nijeria, Sydney 2000, naye habari yake inafaa kusimuliwa. Katika kundi lake wanawake watatu walimaliza wote na kilo 245, sawasawa! Kwa kanuni ya wakati ule, wakilingana, mwenye mwili mwepesi ndiye anatangulia. Dhahabu ikaenda kwa María Isabel Urrutia wa Kolombia, na Ogbeifo akachukua fedha. Kwa upande wa majirani, Irene Ajambo wa Uganda aliinua vyuma kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004.

Turudi kwa swali la makala, maana ndilo lililotuleta hapa.

Hakuna mtu Masisi asiyemjua mama anayepanda kilima na mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, mikono imeshika kamba, macho chini. Wenzetu wa Walikale wanawakumbuka wabebaji wa Bisie, waliotoa kasiteriti msituni kwa mguu, gunia la kilo 50 mgongoni. Na mwaka 2025, vita ilipopita Masisi mpaka kufika Walikale, kila jamaa ilichukua kile tu ambacho mgongo wa mama ungeweza. Kilichozidi kilibaki. Ni nani mwenye nguvu zaidi, mama huyu au Ele Opeloge? Tulimpelekea mwalimu wa fizikia, akatufanyia hesabu ubaoni.

Kazi ni uzito mara urefu. Ele anainua kilo 150. Tuseme chuma kinapanda mita 1.8. Basi 150 × 9.8 × 1.8 ni juli 2,646. Mama anabeba kilo 30, na tuseme kilima ni mita 200 kwenda juu. 30 × 9.8 × 200 ni juli 58,800. Hiyo ni kazi ya mzigo peke yake, bila mwili wa mama mwenyewe. Mama amefanya kazi ya Ele mara 22, na hajapika bado.

Kalasi nzima ilipiga kelele. Mwalimu akainua mkono. “Ngojeni. Sasa gawanyeni kwa muda.” Ele tunampa sekunde 3 za chuma kupanda: 2,646 gawa kwa 3 ni wati 882. Mama tunampa saa moja, yaani sekunde 3,600: ni wati 16 na kidogo. Mama anashinda kwa wingi wa kazi, Ele anashinda kwa wepesi wake. Ni nguvu mbili tofauti, na kipimo kimoja hakiwezi kuzisema zote mbili.

Na hapa inafaa tumpe kijana wetu haki yake kidogo. Juu ya wanawake alikosea. Juu ya mgongo hakukosea kabisa. Mchezaji wa vyuma anafundishwa miaka mingi: mgongo umenyooka, chuma karibu na mwili, nguvu inatoka miguuni na kiunoni. Akishindwa anaachia chuma kianguke, na hakuna anayemlaumu. Mama wa makala haachii. Anaendelea kubeba akiwa amechoka, akiwa mgonjwa, akiwa na mimba, na shingo inavutwa kila siku upande ule ule. Msidhani kwamba mzigo wa kila siku ni mazoezi. Wavulana mnaorudi likizo mkiwa na mikono mikubwa kwa sababu ya yale makopo, mnajua njia ya kilimani iko wapi.

Tukizungumza juu ya makopo: mwalimu aliomba mizani ya zahanati, akayapima. Upande wa kulia ni kilo 14. Upande wa kushoto ni kilo 11 na nusu. Mwaka mzima mnainua kitu kilichopinda na kulalamika juu ya bega! Vyuma vimefungiwa ghalani mpaka simenti isawazishwe, na Bwana Prefe amekubali saa moja ya wasichana kila Jumanne, mwalimu akiwapo. Yule binti wa mwaka wa tatu ameandika jina lake la kwanza kwenye orodha. Jana jioni majina yalikuwa tisa.

Maswali ya kufanya kwenye kaye:

1. Mama wa kilimani ana mwili wa kilo 60. Hesabuni upya kazi yake yote na wati zake.

2. Ele angeinua kilo 151 badala ya 150 katika epole-jete, jumla yake ingekuwa ngapi? Kwa kanuni ya mwaka 2008, ni kitu gani kingeamua kati yake na Grabovetskaya?

3. Kabla ya mwaka 2005 kilo 119 haikuweza kuwekwa kwenye chuma, ila 117.5 au 120. Ninyi mngekuwa kocha, mngeomba ipi? Toeni sababu.

4. Kopo la kushoto liongezwe simenti kilo ngapi? Na bomba peke yake likiwa kilo 6, chuma chote kitakuwa kilo ngapi?

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa fizikia kabla ya Ijumaa saa sita.