SOMO LA AFYA: Eksirei ni safi, mbona bado unahema?

Huenda unamjua mtu wa namna hii, au ni wewe mwenyewe. Amekohoa kwa miezi. Amepimwa makohozi na kifua kikuu hakikupatikana. Amepigwa eksirei ya kifua akaambiwa picha ni safi. Amepewa dawa ya kikohozi akarudi nyumbani, lakini akibeba mtungi wa maji wa lita 20 bado husimama njiani mara tatu kuvuta pumzi. Majirani wanasema ni baridi, au ni uzee, naye anaanza kuwaamini.

Eksirei haikudanganya. Ni kwamba haina uwezo wa kuona pale ugonjwa unapoanzia.

Hewa unayovuta hupita katika bomba kuu la shingoni. Bomba hilo hugawanyika mara mbili, kila tawi hugawanyika tena, na mgawanyiko huo huendelea takriban mara 23 hadi kwenye vifuko vidogo ambako oksijeni huingia katika damu. Mirija ya mwisho haifiki hata milimita 2 kwa upana. Mwaka 1968 watafiti Hogg, Macklem na Thurlbeck, waliopima mapafu ya marehemu, walionyesha kuwa katika ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao madaktari huuita COPD, ni mirija hii midogo inayobana zaidi. Tatizo ni kwamba mirija hiyo ni mingi mno. Mingi inaweza kuharibika na mwenyewe asihisi lolote, mpaka siku moja mlima aliouzoea unamshinda.

Hata skani ya CT, ambayo huona mengi kuliko eksirei, haiwezi kupima vizuri ukuta wa mrija mwembamba kiasi hicho. Kwa hiyo watafiti wakageukia mwanga.

Mashine yenyewe huitwa OCT. Waliotibiwa macho huenda wameshaiona, kwa kuwa kliniki kubwa za macho huitumia kupiga picha ya retina. Mbinu hiyo ilitangazwa mwaka 1991 na watafiti wa Massachusetts, Marekani. Inafanana na ultrasaundi anayopigwa mama mjamzito, ila badala ya kutuma sauti na kusikiliza mwangwi wake, hutuma mwanga usioonekana kwa macho na kupokea unaorudi. Mwanga huenda kasi mno, hakuna saa ya kawaida inayoweza kupima kurudi kwake. Basi mashine huugawa mwanga sehemu mbili: moja huenda kwenye ukuta wa mrija, nyingine kwenye kioo kilicho umbali unaojulikana, kisha zikirudi hulinganishwa. Tofauti kati yake ndiyo inayoonyesha kila tabaka la ukuta liko kina gani.

Kwenye mapafu, daktari humpa mgonjwa dawa ya kutuliza, kisha hupitisha mrija mwembamba wenye kamera hadi ndani ya njia za hewa. Ndani ya mrija huo hupita uzi wa kioo unaozunguka ukivutwa nyuma polepole. Picha inayotoka huonyesha vitu vidogo kuliko unene wa unywele: nafasi ya hewa imebaki kiasi gani, na ukuta umenenepa kiasi gani. Hakuna mionzi kama ya eksirei. Mwaka 2008 watafiti wa Vancouver, Kanada, walichapisha vipimo vya wavutaji sigara wa sasa na wa zamani, na ukuta wa njia za hewa ulioonekana kwa mwanga ulihusiana na udhaifu wa pumzi yao.

Tuseme ukweli, usiende hospitali ya kaunti kesho ukaulizie mashine hii ya mapafu. Kwa COPD bado ni chombo cha utafiti zaidi kuliko cha matibabu ya kila siku. Ni ghali, mwanga wake hupenya milimita 2 au 3 tu, na kupitisha mrija kifuani mwa mtu ambaye tayari anahema si jambo la kufanya ovyo. Hata kile kidude cha kubana kidoleni, ambacho pia hutumia mwanga, hupima oksijeni ya damu tu. Namba yake inaweza kuwa nzuri huku mirija ikiendelea kuziba.

Kipimo cha kuulizia ni spirometri. Unavuta hewa yote unayoweza, unapuliza kwa nguvu ndani ya mashine bila kukata, kisha unapewa dawa ya kufungua njia za hewa na kupuliza tena. Ikiwa baada ya dawa hiyo hewa uliyotoa katika sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya yote uliyopuliza, njia zako za hewa zimebana, hata kama eksirei ni safi. Kipimo hakina sindano. Kabla ya kupuliza, mwambie mhudumu kama umekohoa damu, umepata shtuko la moyo au umefanyiwa upasuaji wa macho hivi karibuni.

Wa kwanza kuulizia wawe wavutaji sigara, waliopika kwa kuni au makaa miaka mingi katika jikoni lisilo na dirisha, wachonga mawe, na waliowahi kuugua kifua kikuu wakapona. Kundi hili la mwisho husahaulika sana. Mtu humaliza dawa zake zote, makohozi yakawa safi, na akirudi miaka baadaye akihema hudhaniwa TB imerudi, kumbe ni kovu lililoachwa kwenye njia za hewa.

Mirija iliyokwisha kuharibika haioti upya. Dawa ya kuvuta kwa mdomo husaidia iliyobaki ifunguke, na kuacha sigara au kutoa moshi jikoni hupunguza kasi ya uharibifu. Ukipewa dawa hiyo ya kuvuta, usiondoke kabla muuguzi hajakuona ukiitumia mwenyewe. Wengi huipulizia mdomoni na kuimeza, na dawa haifiki kwenye mapafu.